Dungu la kukwea mti: kulichagua, kulinyamazisha na kupanda nalo

Katika misitu ya mashariki mwa Marekani, kuanzia misonobari ya Georgia hadi mialoni ya Kentucky na Ohio, kulungu mkia-mweupe huviziwa sana kutoka juu ya mti. Mwindaji aliye futi 15 hadi 20 kutoka ardhini (mita 4.5 hadi 6) yuko juu ya usawa wa macho ya mnyama, na upepo mwepesi huweza kuipitisha harufu yake juu ya pua ya kulungu aliye karibu. Wapo wanaotumia ngazi ndefu, wapo wenye majukwaa ya kufungwa kwa mikanda. Hapa tunazungumzia dungu la kukwea: vipande viwili vya fremu, cha juu cha kukalia na cha chini cha kukanyagia, kila kimoja kikiukumbatia mti kwa kebo yake, nawe unavipandisha kwa zamu kama kiwavi apandavyo bua. Unalibeba mgongoni alfajiri, unapanda nalo, unashuka nalo. Halitaki msumari wala skrubu.

Mengi yatakayofuata ni ya kulirekebisha, kwa hiyo kanuni ije mapema: kisichobeba uzito wako kirekebishe utakavyo, kinachobeba uzito wako kiache kama kilivyotoka kiwandani.

Anza na miti, duka baadaye

Wengi hununua dungu kwanza, kisha wakahangaika kutafuta mti wa kulifaa. Fanya kinyume. Ingia msituni na tepu ya kupimia, uizungushe kwenye mashina kwa urefu wa kifua. Madungu mengi yametengenezwa kwa shina la kipenyo cha inchi 8 hadi 20, yaani mzingo wa takriban sentimita 64 hadi 160, lakini soma kipimo cha toleo unalolitaka, maana hutofautiana. Kumbuka pia kwamba kipande cha chini hufungwa karibu na kifundo cha mguu, mahali shina linapokuwa nene zaidi. Mti unaotosha kifuani unaweza kukataa kebo huko chini.

Unatafuta shina lililonyooka, lisilo na tawi hadi futi 20, na gome gumu lililoshikana na mti. Misonobari ya majimbo ya kusini ndiyo raha ya kazi hii, isipokuwa ulimbo wake hunata kwenye kebo na kwenye meno ya fremu yanayoshika gome. Mwaloni ni mzuri ukipata wenye shina tupu. Hikori ya magome yanayobanduka iache: meno ya dungu yanauma gome, gome linaachana na shina, na uzito wako unaondoka nalo. Bichi, yenye gome jembamba la kijivu, haiwapi meno pa kushika, na asubuhi ya barafu au baada ya mvua inakuwa mbaya maradufu.

Mti wa ashi unahitaji onyo la peke yake. Mbawakawa wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, ameua ashi wengi mno katika Michigan, Ohio, Kentucky na majimbo jirani, na ashi aliyekufa huwa mkavu wa kuvunjika haraka kuliko miti mingi. Angalia vitundu vyenye umbo la herufi D, upana wa milimita 3 hivi. Mabaka ya rangi hafifu pale vigong'ota walipobandua gome wakitafuta mabuu. Na kilele kisicho na majani wakati wa kiangazi. Ukiona dalili hizo, ondoka hapo. Hanesi, yaani mikanda ya mwilini ya kukuzuia usianguke, haitakuokoa, kwa sababu nayo umeifunga kwenye mti huohuo.

Dungu lipi

Uzito wa mwisho ambao dungu linaweza kubeba umeandikwa kwenye kibandiko. Mengi ni pauni 300 (kilo 136), mengine 350 (kilo 159). Usijipime na nguo za ndani. Panda mizani ukiwa na buti, koti la Novemba, hanesi, mkoba uliojaa na silaha, kisha ulinganishe. Ukibakiwa na nafasi ya kilo chache tu, chukua dungu la daraja la juu. Nguvu haionekani kwa unene wa bomba, kwa hiyo tafuta pia alama ya TMA, chama cha watengenezaji wa madungu, inayoonyesha kwamba toleo hilo limejaribiwa kwa viwango vya sekta hiyo.

Uzito wa dungu lenyewe ni jambo la miguu. La alumini huwa pauni 18 hadi 25 (kilo 8 hadi 11). La chuma huwa zito zaidi na bei yake ni nafuu. Ukiwa unaegesha gari mita mia mbili kutoka kwenye mti, chuma kitakutosha. Ukiwa unatembea maili nzima gizani kwenye vilima vya Kentucky, ongeza pesa uchukue alumini.

Kuna aina mbili za ukweaji. Ya kwanza ina fremu ya juu inayokuzunguka kiunoni: unakaa juu yake, unakunja magoti, unainua kipande cha chini kwa nyayo. Ya pili ni nyepesi na unajivuta kwa mikono, bila fremu ya kukuzunguka. Mwanzilishi achukue ya kwanza bila kubishana. Aina ya mikono inadai mabega yasiyochoka, na mabega huchoka ukiwa umebakiza futi tano.

Mbele ya dungu iamuliwe na silaha. Mwenye bunduki ananufaika na boriti iliyofunga mbele, maana anaegemeza mtutu hapo. Kwa mwenye upinde boriti hiyo ni kero: ncha ya chini ya upinde huigonga anapogeuka akiwa ameketi. Yapo madungu ambayo boriti yake hugeuzwa au kutolewa, na hayo ndiyo ya kununua kama unatumia vyote viwili.

Jaribu kabla ya kulipa, ukiwa na koti zito mwilini. Kaa, simama, geuka pande zote mbili. Magoti yasiyofika pembe mraba yatakufa ganzi kabla ya saa mbili.

La mtumba lina faida na hatari zake. Kunja kebo taratibu kwa vidole katika urefu wake wote: ukisikia nyuzi zinakwaruzana ndani ya plastiki, ukiona uvimbe, mpasuko au rangi ya kutu inayochungulia, kebo hiyo imekwisha. Chunguza viungio vya kulehemu kwa tochi ukitafuta ufa mwembamba kama unywele. Mikanda yote itupe ununue mipya ya mtengenezaji yuleyule. Jua huila polyester, na dungu lililoachwa mtini hutafunwa na kindi. Kisha tafuta jina la toleo kwenye orodha ya bidhaa zilizorudishwa ya CPSC, mamlaka ya Marekani ya usalama wa bidhaa. Dungu lisilo na kibandiko wala jina liache hata kama ni la bure.

Kulinyamazisha

Hapa ndipo penye kazi. Kulungu amezoea tawi kuvunjika na kindi kukimbia kwenye majani makavu. Mlio wa chuma kugonga chuma haumo katika sauti za msitu, na kwenye baridi tulivu ya alfajiri husafiri mbali. Dungu likitoka dukani lina vyanzo vitano au sita vya mlio, na vyote vinatibika kwa gharama ndogo.

Weka dungu sakafuni nyumbani, ligonge kwa kifundo cha kidole kila sehemu, likunje na kulikunjua, na utie alama ya chaki popote panapolia. Kisha uanze.

Mabomba yanayogusana dungu linapokunjwa yavike. Tepu ya pamba ya wachezaji wa hoki ya barafu inafaa kuliko tepu ya plastiki, kwa sababu haiachi gundi ikipata joto na haitelezi mkononi. Tyubu kuukuu ya baiskeli, iliyopasuliwa kwa urefu na kuzungushwa kwa kubana, hufanya kazi hiyohiyo. Vipo pia vipande vya kitambaa kizito chenye gundi vinavyouzwa kwa kazi hii. Ni vizuri, ila safisha bomba kwa spiriti kwanza, la sivyo vitabanduka mvua ya kwanza.

Boriti ya mbele na mikono ya kiti ivike sponji ya kufunikia mabomba ya maji, ile yenye mpasuko ubavuni. Kata kwa urefu unaotakiwa, ivalishe, kisha uzungushie tepu ya pamba. Bunduki ikiwekwa hapo haitoi sauti.

Pini zinazofunga kebo huning'inia na kugongagonga. Zifunge kwa kamba nyembamba ya nailoni yenye urefu wa sentimita 20 hivi; utaondoa mlio na pia hutaangusha pini gizani kwenye majani. Pini iliyopotea imemaliza siku yako, na usithubutu kuweka msumari au bolti yoyote ya kubahatisha mahali pake.

Viungio vinavyolia vikikunjwa huhitaji washa (pete bapa za kuwekwa kwenye bolti) za nailoni, lakini hapa tahadhari: washa ikiongezwa, bolti inabaki fupi. Nati ikikazwa, ncha ya bolti ichomoze angalau mizunguko miwili ya nyuzi zake. Isipochomoza, toa washa, na upake nta kavu. Mafuta ya kupuliza yananuka wiki nzima.

Jukwaa la kukanyagia livike zulia jembamba la mpira lenye matundu, lifungwe kwa vibano vya plastiki kila baada ya sentimita 15, ncha zilizokatwa zikielekea chini zisikwaruze buti. Zulia lisilo na matundu hukusanya maji, maji huganda, nawe unasimama juu ya barafu.

Kuna wanaojaza povu la kupuliza ndani ya mabomba ili yasivume. Hatulipendi jambo hili. Povu hushika unyevu, na kwenye chuma kutu itakula kutoka ndani mahali usipopaona.

Sehemu mbili usizivike kamwe: kebo pale inapougusa mti, na meno. Tepu hupunguza mshiko, na inaficha kutu unayopaswa kuiona.

Marekebisho mengine yenye faida

Mikanda ya mabega inayokuja na dungu mara nyingi ni utepe mwembamba unaokata nyama. Badilisha kwa mikanda minene ya begi la mgongoni, na uongeze mkanda wa kiuno. Funga vipande viwili pamoja kwa mikanda miwili yenye bizimu, mmoja juu na mmoja chini, uzito ukae karibu na mgongo. Dungu linaloning'inia nyuma linakuvuta chali ukivuka gogo.

Kamba inayounganisha kipande cha juu na cha chini usiidharau. Kipande cha chini kikichomoka miguuni kikaanguka, unabaki umekaa juu bila cha kukanyagia na bila njia ya kushuka. Kamba iliyoletwa na dungu ikiwa haina nafasi ya kurekebishwa, weka mkanda wenye bizimu ulioandikwa uwezo wake, ufupishwe ili kipande cha chini kisiweze kushuka mbali na unyayo.

Vishikio vya miguu: ongeza mpira nyuma ya kisigino ili buti isichomoke unapoinua. Pima na buti za baridi, siyo raba.

Kiti cha wavu kinachoning'inia ni bora kuliko mto wa sponji kwa kukaa saa nyingi, ila kitundikwe kwenye sehemu ambazo mtengenezaji ameziweka kwa kiti. Ndoano za kutundikia mkoba ziwe za kufunga kwa mkanda kuzunguka shina; zile za kuskrubu kwenye mti zimekatazwa katika ardhi nyingi za umma.

Rangi ya kupuliza isiyong'aa inafaa, ipakwe Julai au Agosti ili harufu iishe kabla ya msimu. Ziba vibandiko, kebo na mikanda yote kabla ya kupuliza, kwa sababu kiyeyushi cha rangi kinaweza kudhoofisha nyuzi za mkanda.

Usitoboe fremu. Usilehemu. Alumini iliyopitishwa kwenye moto wa kulehemu hupoteza sehemu ya nguvu yake karibu na kiungio hata kama kwa macho inaonekana nzima, na tundu moja la drili kwenye bomba ni mahali ufa utakapoanzia.

Hanesi

Iwe ya mwili mzima, yenye mikanda ya mabega, kifua na mapaja. Mkanda wa kiuno peke yake hubana pumzi na unaweza kukuchoropoa. Dungu jipya kwa kawaida huja na hanesi ya kawaida. Ni halali kuitumia, lakini yenye bizimu za haraka huvaliwa kwa urahisi gizani, na hanesi ngumu kuvaa ndiyo inayoachwa kwenye gari. Angalia tarehe: watengenezaji wengi huitaja miaka 5 kuwa mwisho wake.

Kamba ya mti hufungwa kuzunguka shina juu ya kichwa chako. Juu yake kuna fundo la Prusik linaloteleza ukilisukuma kwa mkono na kukaza likivutwa. Ukiwa umeketi, mkanda wa kukuunganisha usiwe na ulegevu wowote wa maana. Ulegevu wa nusu mita ni nusu mita ya kuanguka kabla ya kukamatwa.

Weka mfukoni mkanda wa kusimamia. Mtu anayening'inia kwenye hanesi bila kutikisa miguu huzuiwa damu mapajani, na dakika chache tu zinaweza kuwa hatari. Mkanda huo unatundikwa kwenye hanesi, unaukanyaga, unasukuma juu. Simu ikae mfuko wa kifuani, wenye zipu.

Kupanda

Fanya mazoezi mchana, futi moja kutoka ardhini, ukiwa na mavazi yote, hadi mikono izoee bila tochi.

1. Vaa hanesi ukiwa bado chini. Safisha majani na vijiti kuzunguka mti.

2. Funga kipande cha chini. Mti hupungua unene unapopanda, kwa hiyo ncha ya mbele ya jukwaa ianze ikiwa juu: kwa jukwaa la inchi 28 hadi 30, inchi 3 hadi 5 juu ya usawa kwa mti unaopungua kawaida. Ukianza na usawa kamili, utafika juu ukiwa kwenye mteremko wa mbele.

3. Funga kipande cha juu kwa mwinamo huohuo. Hesabu matundu ya kebo pande zote mbili yalingane. Tofauti ya tundu moja hulipinda dungu. Pini ziingie hadi mwisho, uzivute kuhakikisha.

4. Unganisha vipande viwili kwa kamba yao. Funga kamba ya mti na ujiunganishe sasa hivi, kabla mguu haujaacha ardhi.

5. Funga kamba ya kuvutia vifaa kwenye dungu. Bunduki iwe haina risasi chemba wala magazini, mtutu ukielekea chini. Mishale iwe imefunikwa. Viweke kando, visiwe chini yako moja kwa moja.

6. Ingiza miguu. Simama, inua kipande cha juu takriban futi moja, kishushe hadi meno yake yaushike mti. Kaa. Kunja magoti, inua kipande cha chini, kisha ukandamize kwa visigino hadi meno yaingie. Sogeza kamba ya mti juu kabla ya kila hatua.

7. Usikimbize. Hatua ndefu hupinda kebo upande mmoja, na jasho la kupanda kwa haraka litakuganda ukikaa.

8. Ukifika, kandamiza vipande vyote mara ya mwisho, vikaze kimoja kwa kingine kwa kamba yao, kisha vuta silaha.

Kama mwinamo umekosewa, shuka ukarekebishe. Usitoe pini ukiwa juu. Futi 16 zenye jukwaa sawa ni bora kuliko 22 zenye wasiwasi, na ukipanda mno pembe ya kupiga inakuwa kali kiasi kwamba mshale hupita pafu moja tu.

Likiteleza

Mshiko wa dungu unatokana na uzito wako kuwa mbali na shina: unasukuma ncha ya mbele chini, kebo inavuta nyuma, meno yanauma. Ndiyo maana mtu anayesimama kisigino kikigusa mti, au anayekumbatia shina kwa hofu, hulegeza mshiko bila kujua. Simama katikati ya jukwaa au mbele kidogo. Likiteleza hata mara moja na ukiwa umesimama vizuri, gome hilo halifai, au limeganda, au meno yamejaa ulimbo. Shuka taratibu utafute mti mwingine. Ulimbo hutoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, nyumbani, siku kadhaa kabla ya kurudi msituni.

Sheria ni za jimbo, na hata eneo moja la umma hutofautiana na jingine kuhusu kukata matawi au kuacha dungu usiku. Kentucky inadai cheti cha mafunzo ya uwindaji kwa waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975. Texas tarehe yake ni 2 Septemba 1971. Kentucky pia inataka rangi kali ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni katika msimu wa bunduki wa kulungu, hata kwa mwenye upinde. Kuwa juu ya mti hakukusamehi.

Msimu ukiisha, osha dungu kwa maji na sabuni isiyo na harufu, likauke kivulini, fungua tepu zilizolowa ukague chini yake. Kebo itundike ikiwa imenyooka au kwenye duara pana. Iliyokunjwa kwa kubana miezi minane hubaki na kikunjo kigumu mahali pamoja, na hapo ndipo nyuzi hukatika. Hanesi isikae kwenye gari pamoja na petroli wala asidi ya betri.